Jina lipo, kompyuta inalikana: utatuzi wa matatizo ya kulinganisha majina kwa sauti

Malalamiko kuhusu programu za orodha hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, iwe orodha ya kituo cha afya, ya shule au ya chama cha akiba, yana sura moja. Mtu anataja jina lake, karani analiandika, kompyuta inajibu kwamba hayumo. "Papa, ni miye Murhula, tafuta tena." Karani anatafuta tena, anachoka, anafungua fishi mpya, yaani kadi mpya ya kumbukumbu. Kuanzia hapo Murhula ni wagonjwa wawili, na dawa alizopewa mwezi uliopita ziko kwenye fishi ambayo daktari haioni.

Ulinganishaji kwa sauti ulibuniwa kwa shida ya namna hii. Programu hulitengenezea kila jina ufunguo, yaani mfuatano wa alama, na majina yanayosikika sawa hupata ufunguo mmoja hata tahajia zikitofautiana. Ufunguo maarufu kuliko yote ni Soundex, uliopewa hataza nchini Marekani mwaka 1918 na kupangwa kwa majina yaliyoandikwa kwa mazoea ya Kiingereza. Programu za hifadhidata kama MySQL na PostgreSQL zinao, kwa hiyo watengenezaji huuchukua bila kuuliza unatoka wapi. Wajerumani walikuwa na wao kufikia 1969, kwa sababu ule wa Kiingereza haukuwafaa. Wetu ni sisi wa kuuandika, na hapa kuna ugumu wa ziada: majina ni ya Mashi, Kirega, Kihavu, Kinyarwanda, Kinande na Kiswahili, lakini mkono unaoyaandika umefundishwa kwa Kifaransa.

Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala rudufu ya hifadhidata na ufanye kazi juu ya nakala hiyo. Kisha tengeneza orodha mbili za majaribio. Ya kwanza ni ya jozi ambazo lazima zikutane: Mwamba na Muamba, Djuma na Juma, Assani na Hassani. Ya pili ni ya jozi ambazo lazima zisikutane kamwe. Watu huisahau hii ya pili, na bila hiyo kila kanuni unayoongeza itaonekana nzuri, maana kila kanuni huongeza majibu. Jozi zitoke kwenye fishi zenyewe, si kichwani mwako. Makarani wana tahajia ambazo huwezi kuzibuni.

Dalili: jina limeandikwa vilevile, bado halipatikani

Usikimbilie kanuni za sauti. Mara nyingi sauti haihusiki kabisa.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni nafasi tupu mwishoni mwa jina, au nafasi mbili katikati, hasa orodha ikitoka kwenye faili la Excel. Pima urefu wa jina lililohifadhiwa na wa lile lililoandikwa na karani. Namba zikitofautiana, umeshika mwizi.

Ya pili ni alama za juu ya herufi. Chukua jina Faïda. Herufi ï inaweza kuhifadhiwa kama alama moja (U+00EF) au kama i ya kawaida ikifuatiwa na nukta mbili zinazokaa juu yake (U+0308). Kwenye skrini hakuna jicho litakaloona tofauti, ila ukihesabu herufi, si baiti, utapata 5 upande mmoja na 6 upande mwingine. Geuza yote kuwa umbo moja la Unicode, kiwango cha kuhifadhi herufi kwenye kompyuta (umbo liitwalo NFC, la alama moja, linatosha), halafu uziondoe alama hizo kwenye ufunguo, si kwenye jina. Kosa la jamaa moja liko kwenye majina kama M'Birindwa: alama ya ritifaa inayotoka kwenye simu mara nyingi ni U+2019, ya kibodi ya kompyuta ni U+0027.

Ya tatu hutokea kwa wanaotumia PostgreSQL. Mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba amri zake za kutengeneza funguo, soundex, metaphone na dmetaphone, hazifanyi kazi vizuri kwenye usimbaji wa baiti nyingi kama UTF-8. Ukizipelekea Faïda bila kuisafisha, usishangae jibu.

Ya mwisho, ambayo ni adimu lakini inasumbua kuliko zote: kanuni zilibadilishwa, funguo zilizokwisha kuhifadhiwa hazikukokotolewa upya. Jaribio ni jepesi. Chukua jina moja lenye shida, likokotoe ufunguo sasa hivi, ulinganishe na ulioko kwenye safu. Ukikuta tofauti, kokotoa safu nzima upya, na kuanzia leo hifadhi namba ya toleo la kanuni kando ya kila ufunguo.

Tiba ya kudumu ya sababu tatu za kwanza ni kazi (function) moja ya kusafisha jina, inayoitwa wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta. Zikiwa mbili, zilizoandikwa na watu wawili, zitaachana tu siku moja.

Dalili: likiandikwa hivi linapatikana, likiandikwa vile halipatikani

Hapa ndipo penye kazi. Anza na herufi ya kwanza, kwa sababu Soundex huiacha kama ilivyo na kugeuza zinazofuata tu kuwa tarakimu. Tshibangu inapata T215. Cibangu na Chibangu zinapata C152. Ni jina lilelile, lakini kwa mashine hayajuani. Juma ni J500, Djuma ni D250. Hassani ni H250, Assani ni A250. Ukiona malalamiko mengi ni ya majina yanayoanza na Tsh, C, Dj, au H inayokuja na kutoweka, umepata chanzo, na hakuna cha kurekebisha ndani ya Soundex. Badilisha algorithimu, yaani utaratibu wa kutengeneza ufunguo. Daitch-Mokotoff ya 1985 hugeuza hata herufi ya kwanza kuwa tarakimu, na PostgreSQL inayo tangu toleo la 16, lakini ilipangwa kwa majina ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Inafaa kama daraja la muda tu.

Metaphone ya 1990 ina akili zaidi, na kwa majina yetu akili hiyo ni hasara. Inafuata matamshi ya Kiingereza: g mbele ya i inakuwa j, c mbele ya i inakuwa s. Mugisho anasomwa kama Mujisho, Cibangu kama Sibangu.

Kwa hiyo andika kanuni zako. Kwa safu ya jina na ya post-nom (jina linalofuata jina kwenye fomu zetu), hizi zinatosha kuanzia:

tsh, tch, ch → C
c mbele ya e au i → C
sh → X
dj, j → J
ss → S
ou → U
u au w mbele ya irabu → W
i au y mbele ya irabu → Y
oie, oyi, oy mwishoni → OY
h mwanzoni au kati ya irabu → hufutwa

Zile s mbili zina historia. Kwa Kifaransa s moja kati ya irabu husomwa z, ndiyo maana karani anaandika Amissi na Assani ili s ibaki s. Karani mwingine hajali na anaandika Amisi. Wote wako sahihi.

Kanuni zikiwa sawa na majibu bado ni mabaya, tazama mpangilio. Kanuni ndefu itangulie fupi. Ukigeuza sh kabla ya tsh, Tshibangu anabaki na t iliyoachwa peke yake mbele ya X. Kosa la pili la mpangilio ni tokeo la kanuni moja kuliwa na kanuni inayofuata. Kinga yake ni rahisi, na inanishangaza ni wachache wanaoitumia: kanuni zitafute herufi ndogo na zitoe herufi kubwa. Kilichokwisha kugeuzwa hakitaguswa tena. Herufi ndogo zilizosalia zipandishe mwishoni.

Rh ya Mashi inahitaji uangalizi wake. Iko mahali ambapo Kiswahili mara nyingi kina t, kama katika omurhi na mti. Karani asiye Mushi, yaani asiye mwenyeji wa Mashi, akiisikia kwenye Murhula anaweza kuandika Murula, Muhula au Mutula. Kwa Soundex, mbili za kwanza kati ya hizi nne zinakutana kwenye M640, Muhula anakwenda M400, Mutula M340. Kanuni ya rh lazima itangulie ile ya kufuta h na itoe funguo mbili, moja ya R na moja ya T. Muhula usimlazimishie kanuni. Mwache kwa kipimo cha umbali wa herufi, kinachoelezwa kwenye dalili inayofuata.

Wazo la funguo mbili kwa jina moja si geni. Double Metaphone ya 2000 hufanya hivyo, na Beider-Morse ya 2008 huenda mbali zaidi: kwanza inakisia jina ni la lugha gani kwa kutazama tahajia, ndipo inachagua kanuni. Hapa kwetu kukisia lugha ya mtu ni shughuli yenye hatari zake, na ningekushauri usiijaribu. Programu inayoandika kabila la mgonjwa kimyakimya ndani ya hifadhidata, katika Kivu hii, ni programu ya kuzimwa. Na haihitajiki. Fomu yenyewe imekugawia kazi: jina na post-nom kwa kawaida ni vya lugha za hapa, prénom (jina binafsi) mara nyingi ni Kifaransa. C ya Cirhuza ni ch, c ya Cécile ni s. G ya Mugisho na g ya Gisèle haziko pamoja. Funga kanuni kwenye kisanduku, si kwenye mtu. Kwa kuwa kisanduku cha prénom pia hukaliwa na Furaha, Riziki, Machozi na Rachidi, huko toa funguo mbili: ch isomwe C na pia X, kwa maana ch ya Rachidi ni sh ya Kifaransa.

Bado l na r. Kinyarwanda hakizitofautishi kama Kiswahili, na makarani hubadilishana wanavyosikia. Ukiziunganisha kwa wote, umeunganisha pia mahari na mahali. Ziweke daraja la pili: tafuta kwanza bila kuziunganisha, na majibu yakiwa sifuri ndipo uunganishe.

Simama hapa ikiwa majina yanayogongana yanatofautishwa na kupanda na kushuka kwa sauti tu. Toni haziandikwi kwenye fishi, na hakuna kanuni itakayozirudisha. Kwa lugha usiyoizungumza, mtafute mwalimu wa lugha hiyo au mzee aliyezaliwa nayo, umsomee orodha zako zote mbili kwa sauti. Saa moja naye inazidi wiki ya kubahatisha.

Dalili: ukitafuta mtu mmoja unaletewa kijiji kizima

Sababu kuu ni irabu zilizotupwa. Soundex hutupa irabu zote na kukata ufunguo kwenye alama nne. Kwa majina ya Kiingereza yenye konsonanti nyingi bado kuna kitu kinachobaki. Kwa majina ya Kibantu hakibaki. Kasongo ya Maniema, Kasenga ya Haut-Katanga, Kisenge ya Lualaba na Kisangani ya Tshopo, zote ni K252. Ukitafuta mji mmoja unazungushwa karibu nusu ya nchi. Mukendi na Musonda nao wanakutana kwenye M253.

Tiba ni kuziacha irabu ndani ya ufunguo na kutoukata. Utagundua kwamba ufunguo wa majina yetu unafanana sana na jina lenyewe lililosafishwa. Usione aibu. Tahajia za lugha hizi ziko karibu na matamshi, hazihitaji kupondwapondwa kama za Kiingereza.

Sababu ya pili ni viambishi vya mbele vinavyorudiwa. Nsengimana na Nsengiyumva zote ni N252, kwa kuwa ufunguo umejaa kabla jina halijafika panapolitofautisha. Majina yanayoanza na Nyira yana tatizo hilohilo. Ufunguo usiokatwa unalimaliza.

Sababu ya tatu si ya programu. Wanande huwapa watoto majina kwa mfuatano wa kuzaliwa, kwa hiyo Kambale, Kasereka, Paluku, Kavira na Katungu wako wengi mno, na wote ni halali. Hapo ufunguo ulio bora duniani hauna la kufanya. Panga majibu kwa vitu vingine: post-nom, mwaka wa kuzaliwa, kartie (mtaa), jina la mama.

Baada ya ufunguo kuleta wanaofanana, wapange kwa umbali wa Levenshtein, unaohesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili jina moja liwe jingine. Kipimo hicho kilitolewa mwaka 1965 na kimo kwenye fuzzystrmatch ya PostgreSQL. Kitumie pia bila ufunguo pale ufunguo usipoleta mtu, na hapo ndipo Muhula atakapompata Murhula. Usiweke kikomo kimoja kwa majina yote: kwa Juma herufi moja tayari ni mtu mwingine, kwa Nsengiyumva herufi mbili ni uchovu wa karani.

Dalili: majina yote yapo, kila moja kwenye kisanduku kisicho chake

Fomu zetu zina jina, post-nom na prénom. Post-nom ni urithi wa siasa ya authenticité (kurudia asili ya Kiafrika) ya Mobutu, ambayo mwaka 1972 ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa miaka ile anaweza kuwa na cheti kisicho na prénom kabisa, kadi ya mpiga kura yenye prénom, na orodha ya shule iliyoanza na prénom. Kulinganisha kisanduku na kisanduku hapo ni kupoteza muda.

Angalia kwanza kama waliojaza walielewa maneno ya fomu. Mara nyingi kuongeza mfano mmoja chini ya kila kisanduku kunapunguza kosa. Kwa yaliyokwisha kuingia, tengeneza funguo za majina yote matatu, uzilinganishe kama fungu bila kujali mpangilio, na ukubali funguo mbili kati ya tatu kuwa dalili ya kuangalia. Kumbuka tu kwamba jina likihama kisanduku, kanuni zake zimehama pia: Cirhuza akiingia kwenye prénom atasomwa s. Hii ni sababu nyingine ya kutoa funguo mbili huko.

Dalili: baada ya kuhamia seva nyingine, majibu yamebadilika

Soundex si moja. Ya MySQL hutoa mfuatano wa urefu wowote, na hutupa irabu kwanza kabla ya kuondoa tarakimu zinazojirudia; ya PostgreSQL hutoa alama nne. Funguo zilizohamishwa kutoka moja kwenda nyingine hazisomeki. Zifute, zikokotoe upya. Utafutaji ukiwa mzito tu, huenda faharasa (index) ya safu ya ufunguo haikuhama pamoja na data.

Dalili: majina sawa, maneno ya kawaida hayakutani

Mtumiaji wa Bukavu anaandika mugonjwa, mutoto, apana. Programu ina mgonjwa, mtoto, hapana. Kwenye utafutaji, futa u inayofuata m ya mwanzo ikiwa mbele yake kuna konsonanti, na ufute h ya mwanzo, pande zote mbili. Kwenye kikagua tahajia cha Hunspell, kazi hii ni ya jedwali la REP (la kubadilisha herufi) ndani ya faili la aff, lenye kanuni za lugha: alama ^ hufunga kanuni mwanzoni mwa neno, na mstari wa kwanza wa jedwali hutaja idadi ya kanuni. Idadi isipolingana na mistari, jedwali linaweza kukataliwa. Kagua hapo kabla ya kulaumu kanuni.

Dalili: watu wawili wamekuwa mmoja

Zima kazi ya kuunganisha mara moja. Usiandike kanuni mpya, usijaribu kutenganisha kwa mkono ndani ya data hai. Toa orodha ya fishi zilizoguswa na saa zilipoguswa, ipe nakala kwa mganga mkuu wa kituo ili wagonjwa hao wasipewe dawa kwa kufuata fishi iliyochanganyika, na mwite msimamizi wa hifadhidata arudishe kutoka kwenye nakala rudufu. Ikiwa nakala haipo, ndiyo sababu zaidi ya kutogusa: mtaalamu anaweza kupata kumbukumbu za mabadiliko ambazo wewe ungezifunika.

Chanzo karibu kila mara ni programu iliyoruhusiwa kuamua kwa ufunguo peke yake, au kwa ufunguo na tarehe ya kuzaliwa. Mapacha ndio wanaofichua kosa hili. Tarehe ni moja, mama ni mmoja, anwani ni moja, na jina la baba likiwa ndilo linalolinganishwa, hakuna kinachobaki cha kuwatenganisha. Ufunguo upendekeze, mtu aliye mbele ya mgonjwa ndiye athibitishe, na programu iandike nani alithibitisha.

Kuna jaribu la mwisho: "kusahihisha" tahajia ili zifanane. Sheria ya familia ya 1987 hairuhusu kubadilisha jina, tahajia yake wala mpangilio wa sehemu zake kama zilivyotangazwa kwenye état civil (usajili wa raia), isipokuwa kwa idhini ya tribunal de paix (mahakama ya amani). Anayetaka Djuma yake iwe Juma mwelekeze huko. Kwenye programu, acha jina lililo kwenye kadi kama lilivyo, ongeza kisanduku cha "pia huandikwa", na tahajia nyingine zote ziingie humo, kila moja na ufunguo wake.